Mgongo wa Mbwa, Macho ya Mwenye Mbwa

Mbwa hapandishwi mezani. Kwa wengi wanaofanya kazi ya kuwanyoosha mbwa migongo, kikao huanzia sakafuni, juu ya mkeka wa mpira usioteleza. Mtaalamu amepiga magoti, mwenye mbwa ameketi mbele yake na vipande vya kuku kiganjani. Na mgonjwa hashikwi kwanza. Mwenyewe huombwa amtembeze kwenda na kurudi, polepole, kisha kwa mchakamchaka, huku mtaalamu akitazama. Kichwa kinainuka mguu upi unapokanyaga? Mkia unaning'inia katikati au umeegemea upande mmoja? Akiambiwa akae, anakaa sawasawa au anatupa paja moja nje kama mtoto aliyechoka darasani?

Ndipo mikono inapoanza kazi. Vidole viwili, kimoja kila upande wa uti, vinashuka taratibu kutoka kisogoni hadi shina la mkia, vikisimama kwenye kila pingili na kuibonyeza kidogo kuona kama inacheza. Mahali fulani karibu na kiuno ngozi inatetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Vidole vinarudi papo hapo, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha kiganja kinasukuma, msukumo mmoja mfupi wa ghafla ambao mtazamaji akipepesa macho umempita. Mbwa anageuza shingo kutazama ni nani aliyemfanyia hivyo. Analamba midomo, anapiga mwayo mpana. Mwenye mbwa anatabasamu na kumpa kipande cha kuku: amelegea, umeona?

Mwayo huo tutaurudia.

Kazi yenyewe inaitwa kairopraktiki, na mwenye kuifanya ni kairoprakta, mtu anayetibu kwa kusukuma viungo vya mwili kwa mikono, hasa pingili za uti wa mgongo. Watu wamekuwa wakiiendea kwa zaidi ya karne moja. Leo, katika miji ya Marekani, Canada, Uingereza, Ujerumani na Australia, mbwa nao wamepanga foleni. Marekani kikao kimoja kwa kawaida hugharimu kati ya dola 50 na 200, kutegemea mji na mtaalamu, na ni nadra kwa mgonjwa kuambiwa kimoja kinatosha. Kwenye simu za mkononi, video za mbwa wakinyooshwa shingo hadi zikalia kwa mlio wa kijiti kinachovunjika hutazamwa na watu wengi ambao hata mbwa hawana.

Msomaji aliyezoea mbwa wa kulala getini na kubweka usiku ana haki ya kucheka kidogo. Akimaliza kucheka, akumbuke kwamba na yeye huenda alishapelekwa kwa mzee wa mtaani kukandwa kifundo kilichoteguka, kwa maji ya moto na mafuta, na akarudi nyumbani akitembea. Kunyoosha viungo kwa mikono hakukuanzia Ulaya wala Marekani, na karibu kila mahali palipo na watu pana mtu anayesifiwa kwa vidole vyake. Jipya hapa ni mgonjwa mwenyewe, ambaye hawezi kuulizwa kama amepona.

Anayetaka kujua kairopraktiki ilikotoka anapelekwa Davenport, mji wa kando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa, Septemba 1895. Huko aliishi Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada ambaye alishafuga nyuki, akafungua duka la vyakula, akauza samaki wa mapambo, na hatimaye akawa mganga wa kutibu kwa nguvu ya sumaku aliyodai inatoka mikononi mwake. Katika jengo alilokuwa na ofisi kulikuwa na mhudumu wa usafi, Harvey Lillard, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka 17. Palmer alisimulia kwamba aliona uvimbe mgongoni mwa Lillard, akatambua kuwa ni pingili iliyohama, akaisukuma irudi mahali pake, na Lillard akaanza kusikia magurudumu ya mikokoteni barabarani. Binti wa Lillard alikuja kusimulia vingine: baba yake alikuwa akipiga soga na wenzake koridoni, Palmer akafurahishwa na mzaha, akampiga mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho, na siku chache baadaye Lillard akasema anasikia vizuri kidogo.

Vyovyote ilivyokuwa, neva ya kusikia haipiti mgongoni. Hutoka sikioni na kuingia kwenye ubongo ndani ya fuvu lenyewe. Jambo hilo halikumzuia Palmer kufungua shule mwaka 1897, kufungwa jela mwaka 1906 kwa kutibu bila leseni, wala kuandika mwaka 1910 kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizohama. Jina la fani lilitokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono. Makairoprakta wengi wa leo hawasemi tena maneno makubwa kama ya mwasisi wao. Wanajishughulisha na maumivu ya kiuno na shingo, na kwa maumivu ya kiuno ya watu, tafiti zinaonyesha mikono yao inasaidia kwa kiasi, sawa na njia nyingine za kawaida kama mazoezi ya viungo. Hapo wanasimama juu ya ardhi ngumu. Ugumu huanza pale mgonjwa anapokuwa na miguu minne.

Nchini Uingereza, aliyewafungulia wanyama mlango alikuwa John McTimoney, kairoprakta wa Banbury katika kaunti ya Oxfordshire. Katika miaka ya 1950 alianza kuwatumia wanyama ufundi aliokuwa akiwafanyia watu, na mwaka 1972 akafungua shule. Mpaka leo wapo wataalamu wanaojitambulisha kwa jina lake, nao husifiwa kwa mguso mwepesi. Marekani alikuwa Sharon Willoughby, mwanamke aliyesoma kwanza udaktari wa mifugo kisha akaenda kusomea kairopraktiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianzisha katika jimbo la Illinois mafunzo ya kuwaunganisha watu wa fani hizo mbili, na mwaka 1989 kikaundwa chama cha Marekani cha kairopraktiki ya wanyama. Mafunzo ya namna hiyo huchukua saa zaidi ya 200. Anayeingia lazima awe tayari ni daktari wa mifugo au kairoprakta wa watu, na mpangilio huo una ukweli mmoja ndani yake: wa kwanza anaijua miili ya wanyama lakini hajazoeza mikono, wa pili mikono anayo lakini mbwa hajawahi kumfungua.

Wateja wa mwanzo walikuwa farasi, kwa sababu farasi wa mashindano ni fedha, na mwenye fedha yake hujaribu kila kitu. Mbwa walifuata kupitia mlango huohuo wa michezo. Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, waandaaji walihitaji kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, wakawafanya mbwa waruke vihunzi kama wafanyavyo farasi. Kichekesho hicho cha kujaza muda kikageuka mchezo kamili unaochezwa leo katika nchi nyingi: kuruka, kupenya ndani ya mirija ya kitambaa, kupinda kulia na kushoto kati ya vijiti kwa kasi ya kutia kizunguzungu. Mbwa anayefanya hivyo kila mwisho wa wiki ni mwanariadha, na mwenye mwanariadha hutafuta sekunde iliyopotea. Akigundua kwamba mbwa wake anageuka vizuri kushoto lakini kulia anasita, hamngojei achechemee. Anapiga simu.

Kundi la pili ni la mbwa wazee. Mbwa wa mjini anaishi miaka mingi kuliko babu zake walivyoishi, na miaka hiyo ya ziada mingi huitumia akiwa na baridi yabisi ya nyonga, magoti au kiuno. Mwenye mbwa anamwona akisitasita chini ya ngazi alizokuwa akizipanda mbiombio. Dawa za maumivu anazo, lakini anaogopa tumbo na ini la mbwa wake. Mtu mwenye mikono laini na maneno ya upole anapomwambia kwamba tatizo ni pingili mbili tu zilizokaza, ni nani asingependa kusikia hivyo?

Mwili anaoushika mtaalamu huyo si wa binadamu aliyeinamishwa. Shingo ya mbwa ina pingili saba, kama ya mtu, na kama ya twiga. Kifuani ana 13 ambapo sisi tuna 12, kiunoni saba ambapo sisi tuna tano, kisha tatu zilizoungana kwenye nyonga, na baada ya hapo mkia unaotofautiana kwa kila mbwa. Uti wetu umesimama kama nguzo. Wa mbwa umelala kama daraja, ncha mbili zikishikiliwa na miguu, tumbo likining'inia chini. Tena miguu yake ya mbele haijaunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa hata mmoja. Mbwa hana mtulinga wa kufanya kazi hiyo. Kifua chake kinabebwa baina ya mabega kwa misuli mitupu, mithili ya machela, ingawa asilimia 60 hivi ya uzito wake iko mbele. Ndiyo maana mbwa mwenye goti bovu la nyuma huanza kujivuta kwa mabega, na baada ya miezi mgongo wote unakuwa mgumu kama ubao. Anayeukanda mgongo huo humsaidia mbwa kwa muda. Goti linabaki lilivyo.

Na ule mlio? Wengi huamini kwamba kiungo kikilia "ko!" ndio mfupa umerudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, waliweka vidole vya mtu ndani ya mashine ya picha za sumaku na kuvivuta mpaka vikalia. Picha zilionyesha upovu wa gesi ukizuka ghafla ndani ya ute wa kiungo wakati nyuso za mifupa zinapoachana. Hakuna mfupa uliokuwa nje ya mahali pake, wala hakuna uliorudi. (Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa zaidi ya nusu karne, wa kulia akauacha, apate kujua kama mama yake alisema kweli kwamba atapata ugonjwa wa viungo. Hakuupata katika mkono wowote, na mwaka 2009 akatunukiwa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel.) Viungo vya mbwa wengi, kwa kweli, havilii kabisa vinaposukumwa. Mlio mkubwa unaosikika kwenye video hupendwa na hadhira kuliko na mgonjwa.

Hata pingili "iliyohama" yenyewe ni shida kuipata. Mfupa uliohama kwelikweli huonekana kwenye eksirei, na mbwa mwenye mfupa huo anahitaji chumba cha upasuaji. Wanachosema makairoprakta ni kitu kidogo zaidi, kukaza kwa kiungo kunakosikika vidoleni. Makairoprakta wa watu wamejaribiwa mara nyingi: wataalamu wawili wapewe mgongo mmoja, kila mmoja peke yake, waonyeshe palipokaza. Makubaliano yao huwa hafifu. Kwa mbwa majaribio ni machache zaidi, na karibu utafiti wote wa maana kuhusu kusukuma migongo ya wanyama umefanywa kwa farasi.

Lakini mbona wenye mbwa wanasema mbwa wao wamepata nafuu? Wengi wao si waongo wala si wajinga. Wamemwona mnyama wao, wanayelala naye chumba kimoja, akitembea vizuri zaidi siku ya pili.

Jibu moja linalofaa kila mwenye mbwa alijue lilichapishwa Marekani mwaka 2012 na watafiti Michael Conzemius na Richard Evans, katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo. Walichukua mbwa 58 wenye baridi yabisi waliokuwa katika jaribio la dawa mpya, wote wakiwa wa lile kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Wenye mbwa hawakujua, madaktari waliowapima hawakujua. Kisha kila mbwa alitembezwa juu ya sahani ya chuma inayopima kila mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Sahani haina huruma, haimjui mbwa kwa jina, wala haikulipa ada ya kikao. Kwa mbwa walio wengi ilionyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Walipoulizwa wenye mbwa, takriban mara 40 katika kila 100 tathmini zao zilipotoka kuelekea upande wa matumaini. Madaktari walipowatazama mbwa haohao wakitembea, walipotoka karibu mara 45 katika 100.

Msomaji arudie sentensi hiyo ya mwisho. Aliyesomea alipotea zaidi ya mwenye mbwa, au tuseme hakuwa bora kuliko yeye.

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijua maiti. Maumivu ya mbwa anayajua mbwa, na sisi wengine tunakisia kwa kutazama. Jicho linalotazama lina lake linalolitaka: limetumia fedha, limeendesha gari saa nzima, linampenda. Tena maumivu ya viungo hupwa na kujaa kama bahari. Mtu hampeleki mbwa kwa mtaalamu siku anapokimbia. Humpeleka siku mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote huja siku iliyo afadhali, iwe umemsukuma mgongo au umemwacha alale kivulini.

Sasa ule mwayo. Mbele ya mwenye mbwa na kairoprakta wake, mwayo baada ya msukumo ni ishara ya mwili kuachia. Wanaosoma tabia za mbwa wana orodha nyingine. Kwao, mwayo wa mbwa asiye na usingizi, kulamba midomo pasipo na chakula, kugeuza kichwa pembeni na kuonyesha weupe wa jicho ni dalili za mnyama aliyebanwa, anayejaribu kutuliza hali. Inawezekana kila upande una sehemu ya ukweli, kwa mbwa tofauti na siku tofauti. Anayetaka kujua amtazame mbwa mzima, siyo kinywa tu: mkia uko wapi, masikio yamelala, uzito umeegemea mbele au nyuma kuelekea mlangoni?

Kwa mbwa wengi wenye afya, ubaya wa kikao unaishia kwenye pochi ya mwenyewe. Kuna aina moja ambayo habari yake ni nyingine kabisa.

Dachshund alikuzwa Ujerumani kwa ajili ya kuingia mashimoni kumfuata mnyama fulani wa jamii ya nyegere. Jina lake linasema hivyo. Miguu mifupi, mgongo mrefu, moyo wa simba. Kati ya kila pingili na jirani yake kuna diski, kama kitumbua: nje gegedu ngumu, ndani ute laini unaopokea mshtuko. Kwa mbwa wa kawaida ute huo hubaki laini kwa miaka. Kwa Dachshund huanza kukauka na kujaa chokaa tangu akiwa mdogo, kitumbua kinakuwa kama kashata. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha chanzo kimojawapo: nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipachika kwenye kromosomu ya 12. Nakala hiyo wanayo pia French Bulldog, Beagle na wengine wa maumbo kama hayo. Dachshund mmoja kati ya wanne au watano hivi hupata tatizo la diski maishani mwake. Siku moja anaruka kutoka kwenye kochi, kashata inapasuka, vipande vinarushwa juu na kugonga ugwe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti.

Dalili za mwanzo zinafanana mno na "mgongo umekaza kidogo". Hataki kuruka kochini. Mgongo ameukunja juu kama paka aliyekasirika. Akibebwa analia. Saa chache baadaye miguu ya nyuma inapepesuka kama ya mlevi, makucha yanaburuzwa sakafuni, na baada ya hapo mkojo unatoka wenyewe. Akifika pa kubanwa kidole cha mguu kwa koleo na asihisi chochote, saa zinahesabika. Upasuaji wa haraka ndio unaoweza kumrudishia miguu, na ukichelewa matumaini yanapungua sana. Aliye katika hatua za awali hutulizwa kwa dawa na kufungiwa kwenye kizimba kidogo kwa wiki nne hadi sita, asiruke, asikimbie, asicheze. Mbwa wa namna hii ndiye hasa anayeweza kupelekwa kwa kairoprakta asubuhi ya siku mbaya, naye ndiye hasa ambaye mgongo wake haupaswi kusukumwa na mtu yeyote. Kairoprakta mwenye elimu na uaminifu atamtazama akitembea hatua tatu, atakunja mkeka wake na kumwambia mwenyewe akimbie hospitali ya mifugo. Wapo wa namna hiyo. Aliyejifunzia kwenye video za simu atapiga magoti.

Ndiyo maana sheria za Uingereza zinamtanguliza daktari. Chini ya Sheria ya Madaktari wa Mifugo ya mwaka 1966, kutibu mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Wanaotibu kwa mikono wamefunguliwa kidirisha kupitia amri ya mwaka 2015, lakini kwa sharti: daktari awe ameshamchunguza mnyama na kuikabidhi kazi hiyo. Marekani kila jimbo lina lake. Pengine kairoprakta wa watu haruhusiwi kumgusa mbwa bila daktari kuwapo, pengine barua inatosha. Nchini Kenya anayetibu wanyama anabanwa na sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kwa hiyo atakayetaka kuileta biashara hii Nairobi au Arusha ajue milango ya kubisha.

Kuna jambo moja ambalo hata wapinzani wakali wa fani hii hawalipuuzi: kikao ni cha dakika 40 au saa nzima. Hospitalini, mbwa hupandishwa juu ya meza baridi inayonuka dawa, na daktari mwenye foleni ana dakika 15. Kairoprakta amemtazama akitembea, akikaa, akiinuka, na amepitisha vidole kila mahali. Uvimbe uliojificha chini ya manyoya, paja lililokonda kuliko mwenzake, kucha iliyolika upande mmoja, mambo hayo huonekana kwa mtu aliye na muda. Baadhi ya nafuu inayosifiwa huenda imetoka hapo, na nyingine katika maneno anayoambiwa mwenyewe wakati wa kuondoka: usimwache aruke kutoka kwenye gari, mtandikie mkeka kwenye vigae, mpunguze uzito.

Hilo la uzito lina ushahidi ambao kairopraktiki ingeuonea wivu. Watafiti wa kampuni ya vyakula ya Purina walichukua watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador, wakawapanga wawili wawili, na katika kila jozi mmoja akapewa chakula pungufu kwa robo ya alichopewa mwenzake. Waliwafuata maisha yao yote, mpaka wa mwisho alipokufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Wale wa chakula pungufu waliishi takriban miaka 13, wenzao miaka 11 na kitu, tofauti ya karibu miaka miwili. Baridi yabisi iliyohitaji dawa iliwapata wakiwa na miaka 13 na ushei, wenzao wakiwa na miaka 10. Tofauti hiyo haikuletwa na miguso wala vidonge; bakuli lilipungua, basi. Ni ushauri mgumu kuuza, kwa sababu mbwa anajua kutazama bakuli tupu kwa namna ya kumvunja mtu moyo.

Mbwa wa kwetu nao wana viungo. German Shepherd, anayependwa sana kulinda nyumba za mijini Afrika Mashariki, ana sifa mbaya ya nyonga zisizokaa sawa kwenye matundu yake, na wengi wa mbwa hao wanalala juu ya saruji tupu usiku kucha, msimu wa baridi na wa masika. Gunia kuukuu lenye majani makavu chini ya mbwa mzee ni tiba. Hatari ni ile huruma ya kabatini: mtu anamwona mlinzi wake anachechemea, anamvunjia kidonge cha ibuprofeni alichoandikiwa yeye mwenyewe kwa ajili ya jino. Kwa mbwa dawa hiyo inaweza kutoboa vidonda tumboni na kuharibu figo, wakati zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili yake, ambazo daktari wa mifugo humwandikia kwa kipimo cha uzito.

Na kwa yule ambaye bado anataka kumpeleka mbwa wake anyooshwe mgongo, kuna jaribio dogo linalohitaji simu tu. Siku tatu kabla ya kikao, mrekodi akitembea kutoka mlango wa jikoni hadi getini, saa ileile, kwenye sakafu ileile, kamba ikiwa imelegea. Siku tatu baada ya kikao, fanya vilevile. Halafu zichanganye video hizo, mpe jirani asiyejua ipi ni ya lini, aseme ni katika zipi mbwa anatembea vizuri. Mwenye mbwa atoke nje kabisa wakati jirani anatazama, maana hata uso wake unaweza kumpa jibu.